Ngeli Tano za Mwangaza wa Isiolo

Ndege wa hifadhi ya Shaba wameshaainishwa, nyasi za hifadhi ya Buffalo Springs zimeshaandikiwa, na ngamia wa Waborana na Wasomali wanajulikana kwa ukoo. Mwangaza unaowaonyesha wote hao haujapata mtaalamu wake. Pengo hili si dogo. Tangu Andrew Kaggia alipotoa filamu yake ya Wageuzi mwaka 2011, Wakenya wameona kuwa katuni za pande tatu zinaweza kutengenezwa hapa hapa. Lakini kijana anayetaka kuuchora mji wa Isiolo kwa kompyuta atagundua upesi kuwa kujenga nyumba na ngamia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuviangazia, nayo ndiyo inayokeshesha.

Makala haya yanaainisha mwangaza wa mji huo kwa kigezo kimoja tu: usumbufu wake kwa kompyuta.

Kwanza, nadharia. Mwaka 1986 James Kajiya alichapisha mlinganyo unaosema kuwa mwangaza unaotoka kwenye nukta yoyote ni ule inaoutoa yenyewe, ukijumlishwa na ule inaoupokea kutoka pande zote na kuurudisha. Balaa limo katika hizo "pande zote". Pande hazina idadi, na kila upande unatazama nukta nyingine yenye hesabu ileile. Kwa hiyo kompyuta hurusha miale michache kwa kubahatisha na kuchukua wastani. Wastani wa wachache huyumba, na kuyumba huko huonekana kwenye picha kama chengachenga. Kuziondoa ni ghali: ukitaka chenga zipungue kwa nusu, ongeza miale mara 4, ukitaka zibaki sehemu moja ya kumi, mara 100.

Dawa ni kuchagua wa kuulizwa. Anayetafuta bei ya mbuzi katika soko la mifugo la Isiolo hamuulizi kila aliyesimama pale. Huwaendea madalali, na kwa kuwa amewasikiliza wao zaidi ya wengine, hulipunguzia uzito kila neno lao ili hesabu isiinamie upande wao. Miale nayo hufanyiwa hivyo. Upande unaotarajiwa kuleta mwangaza mwingi hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa, kisha jibu lake hugawanywa kwa nafasi hiyo. Asiyegawanya hupata picha safi yenye uongo.

Ngeli ya kwanza: Jua. Isiolo iko takriban theluthi moja ya digrii kaskazini mwa ikweta, hivyo mwishoni mwa Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita utosini na kivuli cha mtu hujikusanya chini ya nyayo. Pamoja na ukali wake wote, upana wake angani ni kama nusu digrii tu. Mwale uliorushwa angani kiholela una nafasi 1 kati ya 92,000 hivi ya kuligonga. Tiba ni kuuelekeza mwale huko moja kwa moja na kuuliza swali moja: kuna kitu kimekinga? Ngeli hii inaogopwa bure.

Ngeli ya pili: Mulika mwizi. Ni nguzo ndefu yenye taa kadhaa kileleni, ambayo miji ya Kenya huisimamisha sokoni na stendini. Mpita njia mmoja hupewa vivuli kadhaa vinavyopishana, kila kimoja kikiwa na kingo zilizofifia. Chagua nukta juu ya uso wa kila taa, uliza, endelea. Hakuna zaidi.

Ngeli ya tatu: Kaumu ya taa ndogo. Hapa ndipo mji unapoanza kuisumbua kompyuta. Jioni kuna balbu ya kibanda cha M-Pesa, taa ya sola ya mama anayeuza maziwa ya ngamia, tochi iliyofungwa kwenye mwavuli wa muuza miraa, na bodaboda zikipita katikati. Kila taa ni dhaifu, lakini ndani ya mita moja yake ndiyo yenye enzi. Taa zikiwa 300 na zikichaguliwa bila upendeleo, tochi iliyo juu ya miraa itaulizwa mara 1 kati ya 300, na miraa itajaa chenga. Suluhisho la kwanza ni mti wa taa: majirani huwekwa kundi moja, makundi huunganishwa hadi shina, na kwenye kila tagaa mwale huchagua njia kwa kupima ukali na umbali. Blender, programu ya bure ya uchoraji wa kompyuta, imekuwa na mti huo tangu toleo la 3.5 la mwaka 2023. Suluhisho la pili lilitolewa mwaka 2020 na Benedikt Bitterli na wenzake. Kila pikseli hupitia taa kadhaa, hubaki na moja kwa kura yenye uzito, kisha huziuliza pikseli jirani, na hata picha iliyotangulia, zimebaki na ipi. Kumbe umbea, ukipangwa kwa hisabati, ni mbinu halali ya kisayansi.

Ngeli ya nne: Mabati. Bati si taa, ila hujifanya. Litazame kwa karibu saa nane mchana. Kwenye bati jipya, ukanda mwembamba wa kila wimbi unawaka hadi macho yanauma, na sentimita chache pembeni ni kijivu tu. Kwenye bati la kutu, mwangaza umetapakaa sawasawa. La kutu huangaziwa vizuri kwa kuliuliza jua. Jipya halisaidiki hivyo. Ni lazima bati lenyewe liulizwe linarudisha mwale upande gani. Tabu ni bati lililofubaa kiasi, ambalo kila mbinu hulipatia nusu. Mwaka 1995 Eric Veach na Leonidas Guibas waliamua kuwa zote mbili zitumike, na kila jibu lipewe uzito kulingana na uwezekano wa kila mbinu kulipata. Usuluhishi huo ungali katika injini nyingi za uchoraji.

Ngeli ya tano: Mwangaza wa kuazima. Ingia stoo ya mabati iliyofungwa. Tundu la msumari paani limeangusha duara dogo la jua sakafuni, na chumba kizima kinaonekana kwa mwangaza unaodunda kutoka duara hilo. Hapa kuliuliza jua hakusaidii kuta. Ni lazima miale igundue kuwa sakafu ndiyo yenye habari. Mwaka 2017 Thomas Müller, Markus Gross na Jan Novák walionyesha njia inayofaa kazini: kompyuta hukumbuka miale ya awali ilipata mwangaza upande gani, na ya baadaye huelekezwa huko zaidi.

Hukumu yetu ni hii. Ngeli mbili za kwanza hulaumiwa bure. Wenye hatia ni tochi ya muuza miraa, bati lililofubaa na tundu la msumari. Kwa hiyo, kijana, kabla hujakopa pesa za kadi mpya ya michoro, ikaribie picha yako na uangalie chenga zimekaa wapi. Zikiwa chini ya tochi, washa mti wa taa. Zikiwa kwenye bati, changanya mbinu. Zikiwa stoo, ifundishe miale njia. Zikiwa kila mahali, ndipo uongeze miale, na ukumbuke kuwa kila nusu inagharimu mara nne.