Jinsi ya Kuotesha Utumbo Ukiwa Ipogolo

Usihangaike na supu ya utumbo ya stendi, ule umeshachemka. Wewe unataka seli shina zilizo hai, kutoka kinyama kidogo kama punje ya mchele, kilichokatwa hospitalini kwa kamera ya tumboni, na mwenyewe ameridhia kwa maandishi.

Mwaka 2009, Toshiro Sato na Hans Clevers kule Utrecht, Uholanzi, walionyesha kwamba seli shina moja tu ya utumbo wa panya inaweza kujijenga yenyewe ikawa kiputo chenye vifuko, yaani oganoidi. Inataka protini za kuikuza na gundi ya kulalia. Gundi yenyewe hutoka kwenye uvimbe wa saratani ya panya (mwenye nyumba asijue), nayo ni mbishi: kwenye baridi inakuwa maji, ikipata joto inaganda. Mafuta ya nazi, ambayo Julai hapa Iringa unayachokonoa kwa kijiko, yanaishangaa.

Tunza nyuzi joto 37. Umeme ukikatika, kaa karibu na jenereta.

Hongera, una utumbo usio na askari. Ute upo, seli za Paneth zenye sumu ya kuua bakteria zipo, lakini askari wenyewe, makrofaji na seli T, lazima uzitoe kwenye damu ya mtu uzihamishie humo. Halafu uso unaopokea chakula uko ndani ya kiputo. Ukitaka kuwajaribu askari hao kwa bakteria ukawamwaga nje, wamebisha hodi ukuta wa nyuma. Kipasue ukitandaze, au uwadunge ndani kwa sindano nyembamba kuliko subira yako.

Sasa kosa la wataalamu: usafi. Kinga isiyochokozwa itajifunza wapi? Utafiti wa Moshi uliotoka 2025, wa vijana wa kiume 77, uliwapa baadhi yao mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja, na vipimo vya damu vikaonyesha inflamesheni imepungua. Huku kwetu ni zamu ya ulanzi, pombe ya mianzi, tena mkangafu.

Utashauriwa uuchuje kwanza. Ukiuchuja umebaki na kilevi tu. Vijidudu uliokuwa unawataka umewamwaga. Basi watie wakiwa hai, ila kwenye chipu ya utumbo, kama ile ya Harvard ya 2012, ambayo maji yanapita na kuta zinajinyonganyonga, hivyo waliozidi wanasombwa. Kwenye kisahani kilichotulia wape saa chache tu. Wakilala humo, asubuhi bakteria wamerithi nyumba, na hamna ndugu wa marehemu wa kukaa nao kikao.