Ombi la Kufunguliwa Duka la Mwaka 1996

Mheshimiwa Waziri wa Kazi na Pensheni,
Caxton House, London.

YAH: PAUNI HAMSINI ZISIZOZEEKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima na taadhima naanza na pongezi, kwa sababu wizara yako imefaulu pale ambapo binadamu wote wameshindwa: imesimamisha wakati. Oktoba 1996, posho ya watafutaji kazi ilipoanza kulipwa, mwenye pensheni ya kazini aliachiwa pauni 50 kwa wiki, na kila pauni iliyozidi hapo ikakatwa kwenye posho yake, pauni kwa pauni. Posho yenyewe, kwa mwenye miaka 25 na kuendelea, ilikuwa pauni 47.90, yaani kiasi alichoachiwa kilikuwa kikubwa kuliko posho. Aprili 2025 posho ilifika pauni 92.05. Hamsini ikabaki hamsini. Mawaziri wakuu wamekuja na kuondoka, noti zimetoka kwenye karatasi zikawa za plastiki, Malkia amefariki na sura ya mwanawe imeingia kwenye noti mpya. Hamsini yako, Mheshimiwa, haijaota hata unywele mmoja wa mvi.

Wanaoumizwa nayo si matajiri. Ni watu ambao miili yao imewaachisha kazi kabla ya umri wa kustaafu: mgongo wa muuguzi, magoti ya fundi, macho ya dereva. Wamepewa pensheni ya mapema kwa sababu ya afya. Kazi ya zamani hawaiwezi tena, lakini wanaweza nyingine na wanaitafuta. Wizara yako imewawekea milango miwili. Anayeonekana anaweza kazi hupita mlango wa watafutaji kazi, na pensheni ya pauni 120 kwa wiki humpotezea pauni 70 za posho. Anayeonekana hawezi hupita mlango wa posho ya wagonjwa na walemavu; huko huachiwa pauni 85 na kinachozidi hukatwa nusu tu, kwa hiyo pensheni ileile humpotezea pauni 17.50. Mtu ni yuleyule na michango ni ileile, lakini hasara yake huwa mara nne akithubutu kusema kwamba bado ana nguvu ya kufanya kazi. Halafu tunasikilizishwa hotuba za kuwalaumu walemavu kwamba hawapendi kazi.

Najua jibu litakalotoka ofisini kwako: posho ni ya wenye shida, na mwenye pensheni hana shida. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama wizara ingeipima hiyo shida. Haiipimi. Posho hii hulipwa kwa aliyechangia Bima ya Taifa, na mwombaji haulizwi ana akiba kiasi gani benki wala mwenzi wake analipwa mshahara gani. Kwa kiwango cha Aprili 2025, mwenye nusu milioni kwenye akaunti na mume mwanasheria alipokea pauni zote 92.05. Dereva wa basi aliyestaafishwa na macho, mwenye pensheni ya pauni 142.05 kwa wiki, hakupokea kitu. Na akitaka rekodi yake ya michango isitoboke, bado anatakiwa kuhudhuria ofisi ya ajira, Jobcentre, na kuthibitisha kwamba anatafuta kazi, ili alipwe sifuri kwa kufuata utaratibu. Wengine watasema walemavu wana malipo yao mengine ambayo hayahesabiwi. Ni kweli, hayahesabiwi, lakini hayo ni ya gharama za ulemavu wenyewe: teksi, msaidizi, vifaa. Gongo la kutembelea haliliwi.

Pensheni ya kazini ni mshahara ambao mtu aliufanyia kazi akakubali kuupokea baadaye. Tangu 2012 serikali hiyohiyo inawaamuru waajiri kuwaandikisha wafanyakazi kwenye pensheni, hata wasipojaza fomu yoyote. Wamo wasemaji wa Kiswahili wanaogeuza na kulisha wazee wenu kwenye nyumba za kulelea na mahospitalini, wakiwemo wauguzi wa Kenya walioalikwa kwa mkataba wa 2021. Nao hukatwa kila mwezi na kuambiwa wanajiwekea. Kisha tazama Universal Credit, posho yenu inayopimwa kwa kipato: anayelipwa mshahara wa leo, mkishamwachia sehemu kama anastahili, hupunguziwa senti 55 kwa kila pauni, lakini anayekula jasho la jana kwa jina la pensheni hupunguziwa pauni nzima. Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Hawakuijua wizara yako.

Basi, kwa kuwa mnaamini kwamba pauni 50 za 1996 bado ni pauni 50, naomba jambo moja linalolingana na imani hiyo: fungueni Duka la 1996, tawi moja kando ya kila Jobcentre. Humo mkate, maziwa, umeme na nauli viuzwe kwa bei za mwaka ule. Stempu ya daraja la kwanza, ambayo mwishoni mwa mwaka huo ilikuwa senti 26 na mwaka 2025 ilifika pauni 1.70, irudi senti 26, maana wateja wako ni watu wa kuandika rufaa. Mteja atumie pauni 50 kwa wiki na si zaidi. Ya 51 ikichungulia mfukoni, mlinzi aichukue. Wa mlango wa pili wajengewe duka lao la 2001, mwaka ambao pauni 85 zilianza kutumika kwenye posho iliyotangulia hii ya sasa. Yule ambaye wizara haijaamua kama anaweza kazi au hawezi, asimame koridoni kati ya maduka mawili, kikapu kitupu mkononi, mpaka barua ifike. Duka litaokoa na gharama za upimaji. Kanuni zenu huuliza kama mtu anaweza kunyanyua paketi ya nusu lita, paketi ya lita moja, kuhamisha boksi tupu, na kuinua mkono kana kwamba anavaa kofia. Basi maziwa ya nusu lita yakae rafu ya chini na ya lita moja rafu ya juu, maboksi matupu yapangwe kaunta, kofia zitundikwe mlangoni. Mkaguzi akae nyuma ya mizani akihesabu alama. Zikifika 15, mteja ahamishiwe duka la 2001 pamoja na kikapu chake.

Mtasema Hazina haina fedha. Inawezekana, basi lisemwe hivyo, upelekwe muswada, wabunge wapige kura hadharani kwamba walemavu wenye pensheni ndogo wapunguziwe. Uzuri wa kuganda kwa hamsini ni kwamba hakuhitaji kura. Bei zikipanda, makato hukua yenyewe, na hakuna anayelazimika kuinua mkono. Huu ni wizi wa kimyakimya, unaofanywa na watu wenye mikono mizima dhidi ya watu mnaowapima mikono. Niwie radhi, Mheshimiwa, kalamu imeteleza. Nilikusudia kuandika "upungufu wa kisera".

Maombi mengine ni madogo. Kiwango kiwe kimoja kwa milango yote miwili. Kiwe kinapanda kila Aprili pamoja na posho. Barua za wizara ziandikwe na mtu aliyewahi kupokea mojawapo. Viti vya Jobcentre viwe na mahali pa kuegemeza mgongo. Duka likionekana ghali, hayo mawili ya kwanza yatatosha, na yote mawili yanaandikika kwenye ukurasa mmoja. Mpaka hapo, kinachoachwa ni pauni 50, na stempu ya kutuma rufaa ilishafika pauni 1.70 mwaka 2025.

Wako katika ujenzi wa taifa lako,
Mwandishi.