Kiyoyozi Kilichosikia Baridi

Mimi ni mzaliwa wa Itaba niliyelelewa Buyenzi, Bujumbura, na kazi yangu ni kutengeneza viyoyozi. Bujumbura kazi hiyo haihitaji maelezo. Ukikaa chini ya bati saa nane mchana, ziwa la Tanganyika limetulia kama mafuta kwenye karai, utamheshimu fundi kuliko daktari. Itaba ni habari nyingine. Siku nilipomweleza shangazi kwamba watu wananilipa niwatilie baridi vyumbani, alijifunga kitenge cha pili, akanitazama kwa huruma. "Kumbe baridi inauzwa! Njoo na magunia basi, hapa tunayo mpaka inamwagika."

Gitega iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Itaba ni ndugu zake. Mwezi wa Juni na wa Julai, alfajiri, ng'ombe wanatoa moshi puani kama malori yanayopanda Bugarama. Lakini tangu Gitega iwe mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, ofisi zimepanda mlima, na wakubwa wengine wamepanda na viyoyozi vyao.

Ofisi iliyoniita kule Itaba, ambayo jina lake nalihifadhi kwa ajili ya mkate wangu, ilikuwa na sababu nzuri kidogo: chumba cha kompyuta kubwa zinazofanya kazi usiku na mchana na kupika hewa yake zenyewe. Kiyoyozi chao kilikuwa kinazima kila asubuhi na kuandika kodi kwenye kioo chake kidogo, herufi moja na tarakimu mbili. Mafundi tunaziita kodi zile alama za hitilafu, na jina limekaa pazuri, maana kila ikionekana lazima mtu alipe. Ubaya wake ni kwamba kila kampuni ina kodi zake. Kinachomaanisha feni kwa huyu, kwa yule ni waya uliolegea, na kitabu cha maelezo kimeandikwa kwa lugha saba ambazo hakuna hata moja aliyowahi kugombana nayo shangazi yangu.

Nikapanda gari la Probox, nikafika saa kumi na mbili asubuhi na mfupa wa mgongo uliobadilishana nafasi na wa kiuno. Kodi ilisema presha ya gesi iko chini. Kila fundi anajua maana ya presha kuwa chini: gesi inavuja. Nikachanganya sabuni na maji, nikapaka povu kwenye kila kiungo cha bomba, nikakodoa macho nione kiputo. Hakuna. Nikapaka tena. Ofisi nzima ilitoka kuniangalia ninavyoogesha mashine. Mwishowe, kwa kuwa fundi aliyesafiri kilomita mia na ushei hawezi kuondoka bila kufanya kitu, nikaongeza gesi. Geji ikapanda, mashine ikanguruma, nikapigiwa makofi, nikaalikwa chai.

Saa saba mchana, jua likiwa utosini, kengele ikalia upya. Kodi nyingine: presha iko juu mno. Sasa gesi ilikuwa nyingi! Nikainyonya ile niliyoongeza, nikairudisha kwenye mtungi wake polepole, kwa sababu kuiachia hewani ni dhambi. Nchi za dunia zilikutana hapo jirani, Kigali, mwaka 2016, zikakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hii, na sikutaka Itaba ijulikane kwa kuharibu mapatano ya jirani. Mashine ikatulia. Nikalala kwa shangazi nikiwa mshindi.

Asubuhi, presha iko chini.

Usiku ule nilikuwa nimembebea shangazi habari zote, naye akaniuliza swali ambalo mhandisi yeyote angelikwepa: "Kama nje kuna baridi, kwa nini wasifungue dirisha?" Nikamweleza vumbi jekundu la kiangazi, jinsi linavyoua kompyuta. "Basi watie chandarua." Nikamwambia chandarua kipo ndani ya kiyoyozi, na ndicho ninachokiosha kila nikija. Akanyamaza, akanipa maharage. Ili nijitetee, nikamsimulia kwamba hata kiyoyozi cha kwanza cha kisasa, alichokibuni Willis Carrier mwaka 1902, hakikutengenezwa kwa ajili ya binadamu bali kwa kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, karatasi zisijikunje kwa unyevu. "Ndiyo," akasema, "karatasi haina kitenge."

Mlinzi wa ofisi, mzee tunayemwita zamu kama walinzi wote wa kwetu, alikuwa amesimama kando siku zote mbili bila kusema neno. Asubuhi ya tatu nikafika nikakuta mashine inafanya kazi. Hakuna kodi. Nikazunguka nyuma. Mgongo wa lile sanduku la kiyoyozi linalokaa nje ulikuwa umefunikwa blanketi la kijivu, limebanwa kwa mawe mawili.

"Mzee, umefanya nini?"

"Mwanangu, nimeona inatetemeka alfajiri kama mimi. Nikaifunika."

Nikakaa kwenye ndoo yangu ya vifaa. Mzee yule, ambaye hajawahi kushika geji, alikuwa amesoma ugonjwa ulionishinda. Gesi hubeba joto la ndani ikalitua nje, kisha hurudi ikiwa maji, na ni presha ya upande wa nje inayoyasukuma maji hayo yapenye kijitundu chembamba kurudi ndani. Nje kukiwa na nyuzi 12, gesi inapoa kupita kiasi, presha inalala, hakuna kinachosukuma. Bomba la ndani linaganda barafu na mashine inapiga kelele. Viyoyozi vingi vya kawaida havikukusudiwa kupoza wakati nje kuna baridi hivyo. Haikuvuja hata tone. Ilikuwa inalalamika, kwa lugha pekee inayoijua, kwamba Itaba ni baridi.

Dawa halisi ni kidhibiti kinachopunguza mwendo wa feni ya nje hali ya hewa ikipoa. Nimekiagiza, kiko njiani, na njia za kwetu zinajulikana. Kwa sasa zamu ndiye kidhibiti: anafunika saa kumi na moja alfajiri, anafunua saa tatu. Siku moja alikwenda harusini akasahau kufunua, presha ikapanda mpaka nikapigiwa simu nikiwa Buyenzi na kijiko mdomoni.

Kwenye ripoti niliandika ukweli. Makao makuu wakaniuliza blanketi ni la modeli gani.

Kisha mzee akaanza kukohoa, maana blanketi lilikuwa lake na alfajiri ndiyo saa aliyolihitaji zaidi. Nikapeleka ombi la vifaa: mablanketi mawili, moja la mashine, moja la mlinzi. La mashine lilipitishwa siku ileile. La mlinzi limerudi na alama ya kuuliza, kwa kalamu nyekundu, na maneno: eleza matumizi.