Mnyama Anayekula Petroli

Andalio langu la somo siku ile lilikuwa la kupendeza. Mada: wanyama wafugwao. Shughuli: mazungumzo kwenye mduara, kufinyanga, kubandika, kupaka rangi. Kila shughuli nimeipangia dakika zake na matokeo yake, mstari kwa mstari. Mtu asiyetujua angelisoma angedhani nafundisha watu wazima waliokunywa dawa ya usingizi.

Mduara wa asubuhi huanza na habari za nyumbani, na hapo ndipo mwalimu wa chekechea anapojua siri za mtaa kuliko mjumbe. Najua nyumba ambayo rimoti hufichwa kwenye ndoo ya mchele siku za mpira. Najua mjomba aliyekuja kwa siku mbili na sasa ana ufunguo wake. Habari hizi sizitafuti. Hutolewa bure, kwa sauti ya juu, na watoto ambao bado hawajajua kutofautisha tangazo na siri. Mzazi akinisalimu getini, "Mwalimu, habari za kazi?", namjibu nzuri huku nimekaza macho kwenye viatu vyangu.

Nikauliza nani kwao kuna mnyama. Mikono ikapaa. Wa kwanza kwao kuna kuku. Wa pili kwao palikuwa na kuku, akaliwa jana baada ya kufika mgeni. Wa tatu akaruka: mgeni yule ni baba yake, kwa hiyo kuku yule ni wao pia. Kabla sijatoa hukumu, binti aliyekaa karibu na dirisha akatangaza kwamba mlima unapika. Sisi tuko Morogoro, na asubuhi nyingi Uluguru hujifunika mawingu mpaka kiunoni. Darasa zima likahamia dirishani. Unapika nini? Wali, akasema mmoja. Binti akakataa katakata: ni maharage, ndiyo maana moshi hauishi.

Hapo dakika zangu za mazungumzo zilikwisha bila mbuzi hata mmoja kutajwa. Lakini watoto walikuwa wamebishana, wametoa sababu, wamekubaliana kuhusu maharage. Jedwali la tathmini halina safu ya kuandika hayo. Lina safu ya "anataja wanyama watatu".

Tukaenda kwenye udongo. Natumia udongo wa kichuguu, maana mchwa wamekwisha fanya kazi ya kuuchambua: hauna kokoto, unashikana, na haunidai risiti. Kila mtoto nikampa donge, nikawaambia wafinyange mnyama wa kufugwa. Mmoja aliniletea donge lile lile nililompa, akaniambia ni yai, kuku bado hajatoka. Sikuwa na la kusema. Halafu nikafika kwa kijana mmoja mwenye pengo la meno ya mbele, nikakuta magurudumu mawili na usukani.

"Hiki nini?"

"Bodaboda."

"Tulisema mnyama wa kufugwa."

"Baba anaifuga."

Nikamweleza kwa upole kwamba mnyama anakula. Akasema inakula petroli, na isipokula haiendi. Mnyama analala, nikasema. Akasema inalala sebuleni, na usiku mama akienda chooni hujigonga nayo, wakati mbuzi wa babu analala nje. Mnyama ana sauti yake. Hapo hakujibu kwa maneno. Alinguruma, na darasa likanguruma naye mpaka mwalimu wa darasa la kwanza akachungulia. Nikabaki na turufu moja: mnyama anazaa. Kijana akafikiri, ulimi ukichezea pengo.

"Baba amesema Mungu akijalia, hii itazaa nyingine mwezi wa kumi na mbili."

Nikamwekea vema.

Wenzangu wa madarasa ya juu huniuliza kwa nini natoka kazini nimechoka ilhali nashinda nikicheza. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Tangu ada ziondolewe 2016, namba hiyo tunaitazama kama picha ya ndugu aliyehamia ng'ambo. Wangu siwezi kuwahesabu: nikifika katikati, waliohesabiwa wamekwisha hama.

Chuoni walitufundisha habari za Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo 1837 kwa mipira ya sufu na vipande vya mbao, akiamini kwamba mchezo ndio kazi ya mtoto. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ikazipiga marufuku shule za namna yake. Darasani tulilaani sana. Sasa kuna mchana ambao naielewa kidogo serikali ile.

Mchana mmojawapo ni wa siku ile, hasa tulipofika kwenye kubandika. Gundi yetu ni unga wa ngano uliopikwa, kwa sababu gundi ya dukani ina bei na ya ngano ina upishi tu. Niliitia kwenye bakuli, nikageuka kugawa manyoya ya kuku. Uji wa shule ulikuwa umechelewa. Nilipogeuka tena, bakuli lilikuwa nusu, na mtoto mmoja mwenye masharubu ya manyoya meupe akanieleza kwa masikitiko, "Mwalimu, uji wa leo hauna sukari."

Ni wakati huo huo mthibiti ubora wa shule alipobisha hodi. Watoto wakasimama, "Shikamoo mgeni!", naye akaitika, akakalia kiti pekee kilichokuwa wazi, kile cha urefu wa goti. Mmoja akamzunguka, akamtazama magoti yaliyomfikia kidevuni, akamuuliza kwa huruma ya kweli: "Babu, wewe ulifeli?" Mthibiti alicheka mpaka kiti kikalia. Kwenye taarifa yake aliandika kwamba wanafunzi wanajieleza vizuri.

Mwisho tukapaka rangi vifaranga. Rangi nazitengeneza mwenyewe: mkaa wa kusaga, maji ya choya, majani ya kunde, na binzari ya manjano. Kifaranga anataka manjano, basi kila mtoto alichovya huko, na kila aliyechovya alijifuta kwenye shati, na mashati yetu ni meupe.

Kesho yake, kabla ya kengele, akina mama walikuwa mlangoni. Walikuwa wameyafua mashati kwa sabuni ya mche, na madoa ya njano yakageuka mekundu kama damu. Mama mmoja alikuwa amemvua mwanawe nguo zote akitafuta jeraha. Mwingine alitaka kujua nani amempiga mtoto wake, na kwa nini mtoto anacheka.

Nikaomba shati moja na kipande cha limau. Binzari ndivyo ilivyo: ikikutana na sabuni ya aina ile huwa nyekundu, ikikutana na uchachu hurudi njano. Nikakamua. Doa likageuka machoni pao. Nikawaambia waanike mashati juani, jua litalimaliza taratibu. Kukawa kimya kidogo, halafu wakaanza kusemezana wao kwa wao, na watoto nao wakadai kukamua limau, kila mmoja kwenye doa lake.

Mama aliyekuwa amekuja na hasira kuliko wote akalisogeza shati puani, akanusa, akanivuta pembeni. Nikajiandaa.

"Mwalimu, hii binzari unanunua kwa nani? Maana ya pale dukani kwetu wanachanganya na unga wa mahindi, haishiki hata kwenye mchuzi."