Mgeni Anayetoka Jasho: Adabu Sita za Kuishi na Mashine ya Upepo Pwani

Ukitaka kujua hali ya hewa ya Malindi, tazama kikopo cha chumvi mezani. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi huanza kuyeyuka yenyewe. Ndiyo maana huku watu huitia punje za mchele, na bado asubuhi unaikuta imeshikana jiwe. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayovutwa na mashine ya upepo, yaani kompresa, uliyoiweka nyuma ya nyumba ili upigie rangi makabati, milango na mashua.

Mashine hiyo ni mgeni wetu. Amesafiri baharini, akashushwa bandarini Mombasa, akapandishwa lori hadi Kilifi au Malindi. Kabla hajapumua, tukamfungia ndani ya kibanda cha bati mwezi wa Februari, kaskazi imekolea, fukuto la kumtoa nyoka pangoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Apewe, ni haki yake. Ila hakuna mhenga aliyesema akalime saa saba mchana mlango umefungwa. Pwani tunajulikana kwa uungwana, na uungwana huo mgeni wa chuma naye anaustahili. Adabu zake ni sita.

1. Jua maji anayatoa wapi

Mafundi wengi wakiona maji yanatoka kwenye bunduki ya rangi hudhani mashine ni mbovu. Mashine haitengenezi maji, inayakusanya. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 30, unyevu ukiwa asilimia 80, imebeba karibu gramu 24 za maji. Mashine ya wastani inayovuta lita 200 kwa dakika hupitisha mita za ujazo 12 kwa saa, yaani imemeza karibu gramu 290 za maji. Ukiibana hewa hiyo hadi baa 8 kisha ikapoa, nafasi yake imekuwa finyu: hubaki na mvuke wa gramu 40 hivi tu. Zilizosalia, karibu robo lita, lazima zidondoke. Hiyo ni glasi nzima kwa kila saa ya kazi. Huna uwezo wa kuizuia. Ulicho nacho ni uwezo wa kuchagua idondoke wapi: kwenye bakuli, au juu ya mlango wa mteja.

2. Usimfungie chumbani

Aliyewahi kujaza gurudumu la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua ncha yake hupata moto. Hewa ikibanwa hupanda joto. Kwa hesabu ya fizikia, hewa ya nyuzi 30 ikibanwa hadi baa 8 kwa mpigo mmoja bila kupozwa hukaribia nyuzi 300. Mapezi ya chuma kwenye kichwa cha pampu hupunguza sehemu ya joto hilo, lakini mapezi yaliyogandwa na vumbi la msumeno na mafuta hayapozi kitu. Yapige brashi kila wiki.

Mweke mgeni chini ya makuti ukiweza, kwa kuwa bati hummwagia joto lingine kutoka juu. Msogeze mbali na ukuta, angalau mkono mmoja, upande wa feni uelekee kwenye nafasi. Fungua madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite, uwe wa kaskazi au wa kusi. Mdomo wa kuvutia hewa uelekeze nje kivulini, mbali na mawimbi na mbali na unapopiga rangi. Ukiurefusha kwa bomba, lisiwe jembamba kuliko mdomo wenyewe.

Kisha paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Panapotoka mapovu ndipo upepo unapovuja, na mashine inayovujisha haipumziki. Asiyepumzika hapoi.

3. Mpoze kabla hewa haijaingia tangini

Hapa ndipo wengi wetu hukosea, kwa hiyo tukae kidogo. Hewa moto hushika maji yake. Kila ukiishusha kwa nyuzi 10, uwezo wake wa kubeba mvuke hupungua kwa karibu asilimia 40. Maana yake ni kwamba chujio lililofungwa hapo hapo kwenye tangi lenye moto halikusaidii: maji bado ni mvuke, yanapita kama moshi unavyopita kwenye makuti. Mbele ya safari, ndani ya mpira, hewa inapoa, mvuke unageuka matone, na matone yanaelekea kwenye bunduki. Nimeona mlango wa bambakofi, kazi ya wiki tatu ya msumeno na tupa, ukitoa malengelenge kwa sababu hiyo. Inauma kuutazama.

Basi poza mapema. Pale bomba linapotoka kwenye kichwa cha pampu kuelekea tangini, weka koili ya bomba la shaba la mita kadhaa, iteremke pole pole bila kupanda tena, na feni iipulizie. Mahali pa chini kabisa, kabla ya tangi, funga mtego mdogo wa maji wenye koki. Bomba lisiwe jembamba kuliko lile la mwanzo. Valvu inayozuia hewa ya tangi isirudi nyuma ibaki palepale. Usiweke koki yoyote ya kufunga njia kati ya pampu na tangi, na valvu ya usalama usiiguse wala usiizibe: mgeni akinyimwa pa kupumua, ataivunja nyumba.

4. Maji hufuata mkondo, uchimbe

Bomba la kupeleka upepo karakanani literemke sentimita moja kwa kila mita, kutoka kwenye tangi kwenda mbele. Kila tawi lichomoze kutoka mgongoni mwa bomba, lisitoke tumboni, kwa kuwa maji hutambaa chini. Mwisho wa bomba shusha kipande kifupi chenye koki ya kumwagia. Mabomba ya plastiki ya PVC yaache yapeleke maji jikoni. Yakibeba upepo wa presha na joto hupasuka vipande vikali, na vipande hivyo havichagui jicho la nani.

5. Mfute jasho kila jioni

Chini ya tangi kuna koki. Ifungue kila siku baada ya kazi. Maji yanayotoka kwenye tangi lililosahaulika huwa na rangi ya Sabaki wakati wa mafuriko, na ule wekundu ni chuma cha tangi lenyewe kinachoondoka kidogo kidogo. Kutu hula kutoka ndani, nje rangi bado inang'aa. Siku ukuta ukishindwa, tangi huenda lisivuje tu, likalipuka. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka matangi ya presha mahali pa kazi yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Hata kama karakana yako iko uani, watoto wako wanacheza uani huko huko. Tangi lenye kutu usilichomelee kiraka. Listaafishe.

Tazama na mafuta ya pampu. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Yabadilishe.

6. Mwishowe, taulo safi

Sasa ndipo chujio lina kazi. Lifunge mwisho wa bomba, karibu na unapopigia rangi, hewa ikiwa imeshapoa. Baada yake weka kidhibiti cha presha, maana hewa inayoshushwa kutoka baa 8 hadi baa 2 hupata nafasi na kukauka zaidi. Kwa rangi ya gari au vanishi ya kioo, ongeza kichupa cha punje za silika zinazobadili rangi zikishiba maji. Punje hizo zije mwisho. Ukizipeleka mbele ya glasi nzima ya maji, zitashiba kabla hujamaliza mlango mmoja.

Leo jioni, kabla hujafunga karakana, weka mabakuli mawili: moja chini ya mtego wa koili, moja chini ya tangi. Zima mashine, fungua koki pole pole, linganisha. Mwanzoni la tangi litakuwa limejaa, jekundu. Safisha mapezi, toa mashine chumbani, nyoosha mteremko wa koili, kisha pima tena kesho na kesho kutwa. Siku bakuli la koili litakapojaa maji meupe na la tangi likapata matone tu, mgeni amekuwa mwenyeji. Hapo mpe jembe.