Wahunzi Wasio na Nyundo
Smith, kwa Kiingereza, ni mhunzi. Haya, nionyeshe mmoja mwenye masizi kwenye kucha. Adam Smith, Mskoti, alifungua kitabu chake cha 1776 kwa habari ya pini inayopitia hatua kama 18, zote mikononi mwa watu wengine. Ian Smith alichofua Rhodesia mwaka 1965 ni uhuru wa Wazungu wachache, nao haukufika miaka 15. Utasema jina ni urithi, si cheti cha ufundi. Sawa, ila mbona Mashaka akifika London huulizwa maana ya jina lake, na Smith haulizwi mivukuto yake iko wapi? Aliyenyanyua mkono akapiga hadharani ni Will Smith, kwenye Oscar za 2022, naye alipiga shavu la Chris Rock, si chuma.