Barua ya Wazi kwa Mtunza Kompyuta Wetu

Ndugu Mkurugenzi wa Kituo cha Kompyuta,

Kwanza, hongera. Juzi nilipita kituoni nikakuta mashine zote zi salama salimini: zimefunikwa vitambaa vyenye nembo ya chuo, kiyoyozi kinazipuliza, na mlangoni linaning'inia kufuli la kutosha ghala la mahindi. Hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja wa kuzisumbua. Mhudumu, kijana mwungwana sana, alinieleza utaratibu: barua ya mkuu wa idara, muhuri wa kitivo, nakala ya risiti ya ada, kisha nimsubiri mwenye ufunguo arudi kutoka semina. Semina yenyewe, nasikia, inahusu mapinduzi ya kidijitali.

Naandika kukutia moyo, maana wapo watakaokuletea habari za Dartmouth, chuo cha huko New Hampshire, Marekani. Usiwasikilize. Mambo ya kule yalianza vizuri tu. Katika miaka ya 1950 chuo hakikuwa na kompyuta, hivyo mwalimu wa hisabati, Thomas Kurtz, alikuwa akipanda treni kwenda chuo cha MIT, penye kompyuta, na kadi zake za programu zilizotobolewa, kazibeba ndani ya sanduku la chuma. Ukikosea alama moja, unangoja safari ijayo. Nidhamu ile! Lakini yeye na mwenzake John Kemeny, ambaye alishawahi kuwa msaidizi wa Einstein na kwa hiyo hana udhuru, wakaja kuvuruga kila kitu. Eti kompyuta iwe kama maktaba: mwanafunzi aingie, atumie, asiulizwe sababu wala senti. Tena kazi ya kuandika programu za kuwagawia watu wengi mashine moja kwa wakati mmoja wakawaachia wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wanafunzi, Ndugu Mkurugenzi! Bila muhuri! Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi alfajiri, programu za lugha yao mpya, BASIC, zikafanya kazi. Mwaka 1966 kikafunguliwa kituo kizima, Kiewit. Vijana wakawa wanacheza hata michezo kwenye mashine, na wakubwa wakasema haidhuru, ndivyo woga wa kompyuta unavyoisha. Na huyo Kemeny, badala ya kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu, mwaka 1970 akafanywa rais wa chuo.

Wale wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, nao wasikubabaishe. Kompyuta yao, EDSAC, iliyoanza kazi Mei 1949, waliwaruhusu baadhi ya watafiti waiendeshe wenyewe usiku, wahudumu wakishaenda kulala. Matokeo yake, John Kendrew akaitumia kukokotoa umbo la protini ya misuli, na mwaka 1962 akapewa Nobeli. Chuo chetu hakijawahi kupata usumbufu wa namna hiyo.

Heri tujivunie ya kwetu. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kuzitumia kwa hesabu za serikali kwenda mrama. Aliyeihitaji aliomba kibali maalumu. Baadaye marufuku ile ililegezwa, na wengi wakadhani yamekwisha. Kumbe wewe umeiendeleza, tena kwa ubunifu: enzi zile kompyuta ilizuiwa isiingie nchini, wewe unaiacha iingie, ilipiwe, izinduliwe kwa kukata utepe na kupiga picha, ndipo unaizuia.

Nina ombi moja tu. Waifai ya kituo inashika mpaka chini ya mwembe ulio nyuma ya jengo, na wanafunzi wameshagundua. Jioni wanajazana pale kwenye mizizi, wanafundishana kuandika programu kwenye simu zenye vioo vilivyopasuka. Jana binti mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa akimwonyesha mwenzake kwa nini programu yake inazunguka bila kukoma, na mwenzake akaelewa! Hawakujaza fomu yoyote. Tafadhali chukua hatua: ukate mwembe, au ubadilishe nywila. Hii ya sasa ni 12345678, tulipewa na mhudumu.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Sayansi ya Kompyuta (Nadharia)